Lubumbashi: ua lililoonyesha mukuba linakosa pa kuota

Kabla ya mashine za kutoboa ardhi na kabla ya ramani za wanajeolojia, mtu aliyetafuta mukuba katika Katanga alitazama kwanza majani. Kuna mimea ambayo huota pale tu ambapo udongo umejaa shaba, pahali ambapo miti ya kawaida hufa ama haianzi kabisa. Mimea hiyo iko karibu na Lubumbashi mpaka leo, lakini inapungua, na sababu yake ni rahisi kuelewa: shaba iliyo chini ya mizizi yake ndiyo inayotafutwa.

Anayesafiri kwa barabara ya Likasi hadi Kolwezi hupita kilometa nyingi katika msitu wa miombo, ule ambao watu wa Haut-Katanga wanautegemea kwa makala, uyoga, viwavi na asali. Hasa upande wa Tenke na Fungurume, msitu unakatika ghafula. Mbele kunasimama kilima kisicho na miti, nyasi zake fupi, mawe yake yana rangi ya kijani. Mgeni hudhani kwamba wachoma makala walikwisha kupita hapo. Sivyo. Miti haikukatwa, haikuwahi kuota.

Udongo wa kawaida una shaba kidogo sana, mara nyingi chini ya miligramu 100 katika kilo moja. Kwenye vilima hivi kiasi kinafika maelfu ya miligramu, na mahali pengine kinapita 10 000. Mzizi wa mti ukigusa udongo wa namna hiyo unaungua kama mkono uliotiwa katika asidi. Lakini kuna majani na maua ambayo, kwa vizazi vingi visivyohesabika, yalijifunza kuishi humo. Vilima vya shaba na kobalti vya Katanga ni zaidi ya mia moja, vimetawanyika kutoka pande za Kolwezi hadi karibu na Lubumbashi, na wataalamu wa mimea wamehesabu juu yake aina zaidi ya 600 za mimea. Zaidi ya 30 kati yake haziko pahali pengine popote duniani.

Kwa maneno mengine, kila kilima ni kama kisiwa. Msitu unaokizunguka ni bahari ambayo mimea hiyo haiwezi kuivuka, kwa sababu katika udongo wa kawaida inashindwa na nyasi na vichaka vyenye nguvu zaidi. Hata juu ya kilima kimoja kuna mipaka: penye mawe ya juu huota aina fulani, kwenye mteremko aina nyingine, na chini, udongo unapoanza kuwa wa kawaida, miti midogo iliyopinda inaanza kujitokeza.

Ua linalojulikana zaidi ni lile ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Wanaosema Kifaransa waliliita kwa urahisi fleur du cuivre, ua la shaba. Ni mmea wa mwaka mmoja, unasimama wima, na maua yake ya rangi ya zambarau yamekusanyika kwenye ncha kama vitufe vidogo. Ni wa ukoo mmoja na lumba-lumba, ile ambayo wamama wengi wanaipanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya dawa na harufu. Ndugu yake, Haumaniastrum robertii, anafanana naye. Kuna pia Crotalaria cobalticola, mmea wa ukoo wa maharagi wenye maua ya manjano, ambao jina lake lenyewe linasema kwamba unapenda udongo wa kobalti.

Kula mukuba

Wazee wa Katanga walikuwa na neno lao kwa kazi ya kuyeyusha shaba: walisema wanaenda "kula mukuba". Kwa maneno hayo askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga kwa miaka mingi wakati wa ukoloni, aliandika mwaka 1926 maandishi aliyoyaita Les mangeurs de cuivre du Katanga, yaani walaji wa shaba wa Katanga. Jina hilo limebaki. Mpaka leo ukitaja "mangeurs de cuivre" mbele ya mtu wa Lubumbashi aliyesoma shule, anajua unazungumza juu ya nani: Wasanga, Wayeke na wengine walioishi kwa mukuba kabla ya Wazungu.

Kazi ilianza mtama ulipokwisha kuvunwa, karibu mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekatika. Hilo lilikuwa na maana. Mashimo hayakujaa maji, kuni zilikauka, na mikono ya watu ilikuwa haina kazi shambani. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi. Wanaume walichimba mashimo ya kufuata mshipa wa jiwe, mengine membamba kiasi kwamba mtu mmoja tu aliweza kuingia. Wengine walichoma makala, na si kwa mti wowote: ilihitajika miti migumu inayotoa moto mkali na wa kudumu.

Tanuru zilijengwa kwa udongo wa vichuguu. Mkaaji wa Lubumbashi hatashangaa kusikia hivyo, kwa sababu vichuguu vikubwa vya mchwa vya eneo hili, vinavyoweza kupita urefu wa nyumba, ndivyo vinavyotoa mpaka leo udongo wa matofali ya kuchoma yaliyojenga sehemu kubwa ya Katuba, Kenya na Ruashi. Udongo ule ule unaovumilia moto wa tanuru la matofali ulivumilia moto wa mukuba. Pembeni ya tanuru walisimama watu wa mifuo iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama, wakipuliza hewa bila kupumzika.

Fundi mkuu hakuwa mtu wa kawaida. Alijua mawe, alijua moto, na alikuwa na dawa zake, maana kuyeyusha jiwe likawa maji mekundu hakukuchukuliwa kuwa kazi ya mikono peke yake. Ujuzi huo haukutolewa ovyo. Mtu aliingizwa ndani yake hatua kwa hatua.

Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika vifuo vilivyochongwa ardhini, na mara nyingi umbo lililotoka lilikuwa msalaba wenye mikono minne. Haukuwa na uhusiano na msalaba wa Kanisa. Ulikuwa umbo rahisi kushika, kufunga pamoja na kubeba mabegani katika safari ndefu. Katika makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia walioanza kuchimba mwaka 1957 walikuta misalaba ya namna hiyo pamoja na marehemu. Ya karne za baadaye ilizidi kuwa midogo na kufanana kwa ukubwa, na hiyo ni alama kwamba ilikuwa imekuwa pesa. Kubwa zilitumika kwa mambo makubwa, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa mahari.

Wayeke, waliofika na biashara kutoka upande wa mashariki katika karne ya 19 chini ya mfalme Msiri wa Bunkeya, waliongeza ufundi wao wa kuvuta shaba kuwa nyuzi nyembamba za bangili. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 aliandika juu ya shaba ya Katanga kama kitu kinachojulikana na kila mfanyabiashara wa eneo hilo. Yaani, pwani ilikuwa inasikia habari za Katanga miaka mingi kabla ya Brussels kuamka.

Hapa ndipo ua linaporudi. Pale ambapo watu waliyeyusha mukuba kwa misimu mingi, ardhi ilibaki na vumbi la malakiti, vipande vya taka ya tanuru na matone ya shaba. Tanuru lilibomoka, kijiji kilihama, msitu ukajaribu kurudi. Lakini kwenye doa lile miti haikufanikiwa, na ua la zambarau likaingia. Mwaka 1982 watafiti walichapisha kazi wakionyesha kwamba madoa ya Haumaniastrum katangense, hata mbali na kilima chochote chenye madini, yanaweza kumwongoza mwanaakiolojia mpaka kwenye tanuru za kale. Ni jambo la kufikiria: pahali ambapo hakuna maandishi na mzee wa mwisho aliyejua amekwisha kufa, mmea unaoishi mwaka mmoja tu ndio unaoshika habari, na kuirudia kila mvua.

Kampuni yafika

Mwaka 1891, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa Bunkeya na watu wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili. Mwaka uliofuata, 1892, Mbelgiji Jules Cornet alipita akichunguza mawe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika 1910, mwaka ule ule Emile Wangermée alipouanzisha mji wa Elisabethville, na katikati ya mwaka 1911 tanuru la kwanza la kampuni lilitoa shaba kandokando ya mto Lubumbashi. Jiwe lake lilitoka Étoile, upande wa Ruashi, pahali ambapo wenyeji walipaita na bado wanapaita Kalukuluku.

Vitabu vya zamani vinasema kampuni "iligundua" machimbo. Neno hilo lina upungufu. Machimbo mengi yaliyoandikwa kwa majina ya wanajeolojia yalikuwa mashimo ya wenyeji, na wageni walipelekwa huko na viongozi wa njia waliojua kila kilima. Walichokileta ni reli, mtaji na tanuru kubwa. Kazi ya kuyeyusha ya wenyeji ilizimika katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne ya 20, na watoto wa walaji wa mukuba wakawa wafanyakazi wa mshahara katika kambi za kampuni.

Ua halikuzimika. Kwa muda fulani lilipata hata bahati. Treni na malori yaliyobeba mawe yalimwaga vipande njiani, barabara zilifunikwa kwa kokoto za machimbo, na Haumaniastrum katangense likafuata. Lilitoka kwenye vilima vyake na kushuka kandokando ya reli na barabara, likiota pahali ambapo vumbi la madini lilianguka. Watafiti wa Lubumbashi, na kati yao Mbelgiji François Malaisse aliyefundisha huko kwa miaka mingi, waliandika juu ya safari hiyo ya ua.

Wataalamu wa mimea walikuja kwa wingi zaidi katika miaka ya 1950. Paul Duvigneaud wa Brussels na wenzake walizunguka vilima, wakaorodhesha mimea, wakapima shaba na kobalti katika udongo na majani, na mwaka 1963 wakatoa kazi kubwa juu ya shaba na mimea ya Katanga. Wabelgiji walikuwa na sababu ya kuelewa jambo hili haraka. Kwao, karibu na mji wa Kelmis ambapo zinki ilichimbwa, kuna ua dogo la manjano linaloota tu kwenye udongo wa zinki. Zambia nayo ina lake, ambalo zamani liliitwa Becium homblei. Jina hilo linamkumbusha Homblé, Mbelgiji aliyekusanya mimea kandokando ya Elisabethville katika miaka ya kwanza ya mji. Katika miaka ya 1950 watafuta madini wa Rhodesia ya Kaskazini walilifuata ua hilo kwa makini wakitafuta shaba.

Lakini si uchawi. Ua la Zambia lilikuja kuonekana pia pahali ambapo hakuna shaba ya maana, na aliyelifuata kwa macho yaliyofumba alichimba bure. Hata maua ya Katanga yaliwahi kusifiwa kupita kiasi. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba majani yake yanakusanya shaba na kobalti kwa wingi wa kushangaza kabisa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sehemu ya shaba iliyopimwa haikuwa ndani ya jani bali juu yake: vumbi. Yeyote aliyewahi kuanika nguo Lubumbashi wakati wa kiangazi angeweza kuwaeleza hivyo mapema.

Misalaba mitatu

Mukuba wa kale uliendelea kuishi kama alama hata baada ya tanuru kuzimika. Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba, na sarafu za 1961 zilikuwa na msalaba huo huo. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, lakini umbo halikuondoka. Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966, kwa jina la mto wake. Union Minière ilichukuliwa na serikali mwanzoni mwa 1967 na kuzaa Gécamines. Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha hata jina la jimbo likawa Shaba, neno la Kiswahili, na hivyo kwa zaidi ya miaka 25 mtu aliweza kuzaliwa na kukulia katika jimbo lenye jina la chuma. Katanga ilirudi 1997, na tangu 2015 imegawanyika kuwa majimbo manne.

Leo msalaba wa mukuba unauzwa kama kipuli, kama mapambo ya ukutani, kando ya sahani za shaba zilizofuliwa kwa nyundo na mayai ya malakiti yaliyosuguliwa. Ile ya kweli, yenye kutu ya kijani, iko katika jumba la makumbusho la taifa la Lubumbashi. Wasanii pia hawakuiacha historia hii. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya machimbo, magofu ya Gécamines na shaba yenyewe, na tamasha la sanaa la Biennale ya Lubumbashi, ambalo yeye na wenzake walianzisha mwaka 2008 kwa jina la Picha, limezoesha wakaaji kutazama mji wao kwa jicho lingine. Ua tu ndilo ambalo halijapata nafasi yake. Watoto wengi wa mji wanaweza kuchora bomba refu la moshi la Gécamines na mlima mweusi wa taka za tanuru wakiwa wamefumba macho, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba jani fulani la zambarau lililo kandokando ya reli ni la kwao kuliko jambo lolote jingine.

Moshi wa Penga Penga

Bomba hilo la moshi limeacha alama nyingine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 tanuru la Lubumbashi lilitoa gesi na vumbi la madini, na upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki ulivipeleka upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Mtaa wa Penga Penga ulikuwa katika njia hiyo. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990 moshi ulipungua sana, lakini kilichokwisha kuanguka ardhini hakikuondoka. Udongo wa pale ulibaki mtupu pahali pengi, mvua ikiukokota hadi kwenye mabonde ambapo watu wanalima mboga.

Jambo hili linagusa sahani ya kila siku. Bukari bila lenga-lenga ama matamba si chakula, na mboga za bei nafuu ndizo zinazolimwa ndani ya mji na pembeni yake. Mwaka 2009 kundi la watafiti likiongozwa na daktari Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi lilichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Kobalti iliyopatikana kwa walioishi karibu na machimbo na viwanda ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, yaani wasio wafanyakazi wa madini. Mwaka 2020 utafiti mwingine uliofanyika Lubumbashi uliona kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi za madini walikuwa na hatari zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili.

Na hapa mimea ya vilima inaonyesha kazi ambayo wachache waliitarajia. Kama udongo wa Penga Penga umekuwa na sumu kama ule wa kilima cha shaba, basi mmea uliozoea kilima unaweza kuuvaa. Mylor Shutcha na wenzake wa Lubumbashi na Ubelgiji walijaribu aina tatu za nyasi za Katanga juu ya udongo ulioharibika, pamoja na chokaa na mbolea ya takataka za majani, na wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Moja ya nyasi hizo, Rendlia altera, ilitoka kwenye vilima vyenyewe. Ni nyasi fupi, haina uzuri wa kupigia picha, lakini ndiyo iliyoleta matumaini zaidi. Lengo si kuondoa shaba ardhini. Hakuna nyasi inayoweza kufanya hivyo kwa maisha ya mtu mmoja. Lengo ni kuufunika udongo ili upepo usiurushe puani mwa watoto na mvua isiupeleke bustanini. Katika mtaa huo huo kuna wakaaji wanaopanda miti ya matunda kwa kuchimba shimo, kulijaza udongo mzuri uliotoka pengine, kisha kupanda. Ni kazi ya jasho, lakini mwembe unapata mwanzo.

Wazo la kutumia nyasi za vilima linahitaji kitu kimoja ambacho hakiwezi kununuliwa dukani: mbegu. Na mbegu ziko juu ya vilima.

Vilima vinavyoshuka

Kongo leo ndiyo ya kwanza duniani kwa kobalti, na iko kati ya nchi zinazotoa shaba nyingi zaidi. Bei zinapopanda, kilima kinakuwa shimo kwa miaka michache. Si kampuni kubwa peke yake. Wachimbaji wa mikono nao, wale wanaoitwa creuseurs, wanafika penye dalili yoyote ya jiwe la kijani, na haiwezekani kumwambia kijana asiye na kazi kwamba apite mbali kwa ajili ya jani.

Mfano ulio karibu zaidi na mji ni Étoile yenyewe, ambayo imechimbwa tangu 1911. Huko ndiko ulikopatikana Crepidorhopalon perennis, mmea mdogo ambao haujulikani kuota kwa asili pahali pengine popote. Ukoo wake wote duniani uko katika eneo ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chai, na eneo lenyewe ni chimbo linalofanya kazi. Mmea kama huo hauhitaji janga kubwa ili uishe. Unahitaji lori chache tu za udongo zimwagwe pahali pabaya.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inazitaka kampuni kufanya uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba na kupanga jinsi ya kurekebisha ardhi baadaye. Huko Fungurume mpango wa kuokoa mimea ya vilima uliandamana na uchimbaji mkubwa: mbegu zilikusanywa, mimea ikahamishwa, udongo wa juu ukabebwa pamoja na mizizi yake na kutandazwa pahali palipotengwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Gembloux nchini Ubelgiji wamefuatilia kwa miaka kuona nini kinashika na nini kinakufa. Mbegu nyingine zimewekwa katika baridi huko Meise, bustani kubwa ya mimea karibu na Brussels. Kazi hiyo ina thamani, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini ghala la akiba la mimea ya Katanga liko mbali hivyo na Katanga, na nani atalifungua siku itakapohitajika Lubumbashi.

Tena, mbegu si kilima. Mimea hii haikai peke yake. Kila moja imezoea kiasi fulani cha shaba, kina fulani cha udongo, jiwe fulani linaloshika maji. Kuhamisha udongo ni kuvunja mpangilio huo na kutumaini utajipanga upya. Baadhi ya aina zinakubali. Nyingine zinaishi miaka miwili, mitatu, kisha zinafifia.

Haumaniastrum katangense halimo katika hatari ya namna hiyo kwa sasa, kwa sababu lilijifunza mapema kuishi kwenye taka za binadamu. Anayetaka kuliona hana haja ya kuingia katika chimbo, ambako walinzi watamzuia. Mvua zinapokaribia kuisha, atazame kandokando ya barabara za zamani za machimbo na reli inayotoka mjini, pale ambapo kokoto zina rangi ya kijani na nyasi nyingine zimekonda. Atafute vitufe vya zambarau kwenye shina lililosimama wima. Kama hapo hakuna kiwanda, hakuna reli na hakuna kilima, na maua yamekusanyika katika doa moja katikati ya msitu, asichimbe bali awaite watu wa makumbusho, maana inawezekana amesimama juu ya tanuru.